Vumbi linarukia protekta kabla sijabandika, nifanyeje?

fundi_wa_majengo: Wakuu habari za jioni. Nina kimeza cha kubandika protekta za simu na kuuza kava hapa sokoni Majengo, Dodoma. Tangu huu upepo wa mwezi wa saba uanze sina amani, kioo cha mteja nafuta mpaka kinang'aa ila nikibandua tu ile nailoni ya nyuma vumbi linatoka sijui wapi linarukia kwenye gundi, nabandika vipovu kibao mteja ananuna anataka nyingine bure. Kipindi cha mvua hii shida haipo. Kuna jamaa kaniambia nivae waya wa athi mkononi, itasaidia?

mzee_wa_zabibu: Hamia Tanga mkuu 😂

ticha_fizikia: Huo ni umeme tuli mkuu. Ukibandua nailoni elektroni zinahama upande mmoja, protekta inabaki na chaji. Vumbi lenyewe halina chaji, ila likiwa karibu elektroni zake zinajisogeza kidogo humohumo ndani ya chembe, upande unaoitazama protekta unapata chaji ya kinyume na ule wa nyuma unapata chaji kama ya protekta. Sasa wa mbele unavutwa, wa nyuma unasukumwa, ila wa mbele ndo uko karibu na hizi nguvu zinapungua haraka umbali ukiongezeka, kwahiyo kuvuta kunashinda, iwe protekta ina chaji chanya au hasi haijalishi. Sugua peni ya plastiki kwenye nywele kavu uisogeze kwenye vipande vya karatasi uone vinavyoruka.

Athi inatoa chaji mwilini mwako, hiyo inafaa ukifungua simu kugusa bodi. Plastiki na kioo havipitishi umeme, chaji ya protekta itabaki palepale.

fundi_wa_majengo: Duh nimekusoma ticha. Sasa dawa yake?

dada_area_c: Unyevu kaka angu, ndo maana mvua zikinyesha unapumzika. Mi kazi yangu ni hiyohiyo. Asubuhi namwagia maji sakafuni, naning'iniza taulo bichi karibu na meza, feni nazima. Kioo maliza na kile kitambaa cha spiriti, ukisugua na kikavu mwishoni unakichaji upya. Halafu nailoni usiivue yote hewani, anza kona moja protekta ikiwa ishalengwa juu ya simu, vuta polepole huku unalaza.

fundi_wa_majengo: Na nikichemsha maji pembeni dada?

dada_area_c: Mvuke kidogo sawa, ila simu iliyopasuka kioo iweke mbali nao, ukiingia ndani utalipa simu ya watu.