Tupeane uzoefu: kadi za mkono zenye sura ya bati lililoliwa na kutu

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza kadi kwa mkono, za harusi chache, za kuzaliwa ndiyo nyingi. Mwezi uliopita mteja alitaka kadi ya baba yake, fundi gereji anayestaafu. Maua hataki. Anataka kadi ifanane na mlango wa Land Rover ya zamani ulioshika kutu. Nikakubali fasta, njaa haina adabu.

Jaribio la kwanza nilichukua rangi ya akriliki ya kahawia, nikapaka manila nzima kwa brashi. Mke wangu akachungulia: "Hiyo chokoleti ya nani?"

Nikatoka nje nikaenda kulitazama geti la jirani, mpaka mlinzi akaanza kunitilia shaka. Kumbe kutu si rangi moja. Katikati ya kidonda ni kahawia inayokaribia nyeusi, pembeni rangi ya tofali la kuchoma, ukingoni chungwa kali, na chini kuna mchirizi ulioshuka na mvua. Nikarudi nikafuata mpango huo huo: nyeusi kwanza, kahawia, tofali, halafu chungwa kidogo sana. Brashi nikaweka kando, nikatumia kipande cha godoro. Kinyofoe kwa vidole, usikate kwa mkasi, maana mkasi unaacha kona na kona zinaonekana kwenye karatasi. Chovya, gongagonga kwanza kwenye gazeti mpaka rangi ibaki kiduchu, ndipo uguse kadi. Na kila tabaka likauke kabla ya jingine, la sivyo unapata tope. Mchirizi ni tone la rangi iliyozimuliwa kwa maji, unasimamisha kadi, linashuka lenyewe.

Mteja alifurahi. Mzee alipopewa alicheka sana, na mpaka leo hakuna aliyejua anacheka nini. Haya, leteni yenu.

Mchangiaji, Tanga:
Mimi natumia mdalasini wa unga. Nanyunyizia rangi ikiwa bado mbichi, inapata ule ukwaruzo wa kutu ya kweli, na rangi yake tayari inafanana. Kosa langu la kwanza sikuufunga. Mteja alifungua bahasha, unga ukamrukia, akapiga chafya mbele ya wageni. Siku hizi rangi ikikauka nakung'uta unga uliolegea, napitisha gundi nyeupe ya mbao niliyoizimua nusu kwa nusu na maji. Kadi inanukia pilau, lakini hakuna aliyelalamika.

Mchangiaji, Mombasa:
Mie nilitaka kutu yenyewe. Nilichukua waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria, nikauloweka kwenye siki siku mbili, chupa nikaiacha wazi maana inatoa hewa na ukiifunga itapasuka. Maji yale ukiyapaka kwenye karatasi jioni, asubuhi yameshageuka chungwa. Raha tupu.

Balaa lilikuja nilipotaka karatasi ionekane kuukuu, nikaichovya kwanza kwenye chai ya rangi. Nilipopitisha yale maji ya chuma juu yake ikageuka nyeusi palepale, kama nimemwaga wino. Mwalimu wa kemia mtaani kwetu akanambia chai ina tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa weusi. Wino wa Ulaya wa karne nyingi ulipikwa kwa njia hiyo hiyo. Basi hiyo kadi nikaifanya ya pole.

Jengine, kadi za kutu ya kweli hazidumu. Asidi na chuma vinaila karatasi taratibu, baada ya muda inakatika ukiikunja. Kama ni ya kuwekwa kumbukumbu, pakeni rangi tu.

Mchangiaji, Morogoro:
Msije mkajaribu redi oksaidi ya kopo, ile ya kupaka mageti. Mafuta yake yalipenya manila, yakaacha doa la kung'aa mpaka upande wa pili. Unga wa rangi ya sakafu ule mwekundu ndiyo wenyewe, ukichanganya na gundi. Nao rangi yake inatokana na oksaidi ya chuma, kwa hiyo unapaka kutu bila kudanganya mtu.

Mchangiaji, Nakuru:
Na ribiti je, ile misumari yenye vichwa vya mviringo inayoshikanisha bati? Kadi ya bati bila ribiti ni uchafu tu. Mimi nadondosha gundi ya mbao matone kwa mstari, nangoja mpaka kesho, inasinyaa, nadondosha tena juu yake. Hapo ndipo napaka rangi. Mwisho napitisha penseli kichwani mwa kila tone, linang'aa kama chuma kilichosuguliwa. Maandishi yaweke kwenye kipande cha karatasi nyeupe ubandike, maana juu ya kutu hayasomeki.

Mchangiaji, Dodoma:
Mimi kadi sijui, ni fundi bodi. Mleta mada, bati la nje la mlango wa Land Rover ya zamani ni aluminiamu. Halishiki kutu nyekundu hata ulizike. Kinachooza sana kwenye zile gari ni chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, hiyo ndiyo chuma.

Mleta mada:
Aisee. Kumbe ndicho mzee alichokuwa anacheka.