Waifu ana kifafa, ipi dawa nzuri zaidi? Naombeni ushauri wakuu

Mnyalu_Halisi: Habari za jioni wakuu. Waifu ana kifafa tangu yuko sekondari, ile ya kuanguka mwili unakakamaa na povu, halafu asubuhi akiamka mikono inamruka yenyewe mpaka kikombe kinamponyoka. Kaandikiwa sodiamu valproeti na imemtuliza sana, mwaka mzima hajaanguka. Sasa nasikia ina madhara. Wajuzi wa dawa, ipi nzuri zaidi? Sipati usingizi.

Kinyozi wa Mtaa: Kabamazepini mkuu. Binamu yangu anaitumia yuko fiti, anaendesha hadi bodaboda.

Mama Wawili: Binamu yako huyo tuambie anapaki wapi tusimpande.

Nesi_Mstaafu: Jamani dawa ya kifafa inafuata aina ya kifafa. Kabamazepini inafaa kile kinachoanzia upande mmoja wa ubongo, ila kwa mtu wa kurukaruka mikono au wa kuduwaa inaweza kuzidisha. Mleta uzi, kama imemtuliza kinachokukimbiza ni nini?

Mndamba: Mimi natokea Mahenge, kifafa tunakijua. Dada yangu alidondokea jikoni mkono ukaingia kwenye mafiga, watu wazima wamesimama mlangoni wanaangalia tu eti ukigusa povu unaambukizwa. Haliambukizi! Mpaka leo vidole vitatu vimegandana. Baadae akaanza fenobabitoni, kakaa vizuri ila usingizi ni mwingi.

Shangazi Mkali: Zamani kabla ya kuoa ukoo ulichunguzwa kwanza. Vijana mnakurupuka.

Nesi_Mstaafu: Shangazi, vingi havihusiani na ukoo. Mleta uzi hujanijibu. Ni mjamzito?

Mnyalu_Halisi: Ndio, miezi miwili.

Mama Wawili: We baba!! Hilo ndo la kuanza nalo.

Mnyalu_Halisi: Sikutaka mambo ya ndani yazagae. Halafu nimeshampunguzia, anameza cha jioni tu, na sioni kosa maana ni mtoto wangu namlinda, hospitali foleni ndefu na wangeniambia hivyohivyo.

Nesi_Mstaafu: Wasingekuambia hivyo. Hofu yako ina msingi, kwenye watoto 10 ambao mama zao walimeza valproeti wakiwa tumboni karibu mmoja anazaliwa na kasoro, na kwenye 100 wapo 30 hadi 40 wanaochelewa kujifunza na kuongea. Ndo maana binti wa umri wa kuzaa anatafutiwa nyingine mapema, lamotrijini au levetirasetamu, na vitamini ya foliki asidi kabla hata ya mimba. Lakini kukata ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, kinapita dakika 5 bado anatetemeka, hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Kubadilisha ni kazi ya daktari, moja inaingia taratibu nyingine inatoka.

Kinyozi wa Mtaa: Wakuu hii chai. Mwezi uliopita huyuhuyu alifungua uzi anatafuta mchumba mwenye mtaji.

Shangazi Mkali: Kumbe! Nilihisi tangu mwanzo.

Mnyalu_Halisi: Ule aliandika mdogo wangu, tunatumia simu moja. Msiniharibie.

Kinyozi wa Mtaa: Weka picha ya kopo la dawa basi.

Mndamba: Picha ya nini sasa, kuna mtu anaweza kuanguka hapo.

Nesi_Mstaafu: Iwe chai isiwe chai, kuna dada anasoma kimya naye ana mimba na vidonge viko kabatini, ajue asiache kuvimeza kwa uamuzi wake mwenyewe. Mnyalu, lini unampeleka?

Mnyalu_Halisi: Kliniki yao ni ile ya afya ya akili, wanafungua Jumanne. Nasubiri hiyo.

Nesi_Mstaafu: Usisubiri Jumanne. Nendeni leo mapokezi ya dharura, beba kopo na kadi ya kliniki ya wajawazito, waambie dozi ulipunguza lini na kwa kiasi gani.

Mnyalu_Halisi: Usiku huu bodaboda anaruhusiwa kupanda?

Nesi_Mstaafu: Hapana, akishikwa njiani atadondoka. Tafuta bajaji, ukae naye nyuma.