Konje (likizo) ya siku 12 imeisha, manjanja iko bado chini, telefone ndiyo ilikula kila kitu!!

Bayaya na badogo salamu. Leo siko na utani, niko na hasira na nitaandika vile inatoka, mwenye anatafuta maneno ya kupangwa vizuri apite tu.

Miye natumika mu magazini (gala), nachunga stoku ya vipuri mu kampuni moja ya hapa Lubumbashi yenye inauzishaka ku migodi, jina naacha. Mkataba wangu unasema siku moja ya konje kwa kila mwezi wa kazi, kwa hiyo mwaka muzima wa kuamka saa kumi na moja, kupanda basi mu baridi, kuhesabu bolti na filta mpaka macho inauma, unanipa siku 12. Kumi na mbili! Niliomba zianze mwisho wa mwezi wa saba juu nilikuwa na hesabu yangu. Kiangazi, hakuna tone la mvua, nafungua paa la jikoni naweka manjanja mpya (nyie wa Dar munasema mabati) mbele mvua ya mwezi wa kumi na moja haijatukuta tena na masufuria chini ya matobo. Ya pili, tarehe 1 mwezi wa nane, siku ya wazazi, kusafisha kaburi ya papa. Ya tatu, kusoma memware (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) ya mudogo wangu mbele ya kuidefandi (kuitetea), kurasa 60 na kitu. Kazi tatu. Sikusema nitajenga barabara ya Kasumbalesa.

Leo ni siku ya 12. Manjanja 14 iko bado inaegemea ukuta wa lupango (kiwanja cha nyumba yetu), kuku zinalala nyuma yake. Memware nimefika kurasa ya 9. Ya kaburi ntaieleza.

Siku ya kwanza nilipanda kweli, musinicheke. Nilitoa manjanja mbili za zamani, nikakuta shevron (mbao ya kubeba paa) moja imeliwa na mchwa, nikasema ngoja niangalie mu telefone namna bafundi banaungaka shevron bila kubomoa yote. Hiyo ngoja ndiyo iliniua. Video ya fundi ilikuwa dakika nne, nikaelewa, safi. Ilipoisha ikaanza yingine yenyewe, sikuigusa hata na kidole, mutu eko Brazili anajenga nyumba ya udongo na mikono. Brazili ikaleta mpira, mpira ikaleta Mazembe, timu yetu ya hapa, ya 2010, munajua tena, Kombe la Dunia la vilabu, Abu Dhabi, tarehe 14 mwezi wa 12, tunapiga Internacional ya Brazili 2-0, goli ya Kabangu, goli ya Kaluyituka, na golikipa wetu Kidiaba anarukaruka na matako yake pa nyasi. Ile mechi miye niliionaka siku yenyewe, Kenya muzima (komini ya hapa Lubumbashi, si ile inchi) tulitoka barabarani, naijua kwa kichwa kuliko Baba Yetu. Nikaiona mara tatu. Kisha nikaona na fainali, Inter anatupiga 3-0, sijui nani aliniomba niifungue ile kidonda.

Na yote hayo niliyaona nikiwa nimekaa juu ya ukuta wa jikoni, miguu inaninginia. Muke wangu anapita chini, anaona bwana yake eko juu ya paa, anasema Mungu asante, leo anatumika. Saa tisa akanipandishia chai! Nikaikunywa na haya.

Siku yenye nilitumika zaidi ni siku umeme ilikatika toka asubuhi mpaka usiku na betri ikaisha. Kurasa 9 zile nilizisoma siku hiyo, pembeni ya mbabula (jiko la makaa), na kalamu nyekundu, nikamupatia mudogo makosa mazuri ya kurekebisha. Saa kumi jioni nikaona mikono inanitafuta mufukoni peke yake. Nikavaa viatu, nikaenda mpaka kwa kijana mwenye eko na jenereta, nikalipa franka 500 anichajie. Hakuna mutu alinisukuma.

Sasa tarehe 1.

Kwetu batu banajua ile siku namna iko, asubuhi kwa bafu, mchana kwa bazima. Tulipatana na mama tukutane ku makaburi saa moja, mbele ya batu kujaa na jua kupanda. Jembe nililitia pa mlango tangu jana yake, chokaa ya kupaka, bidoni ya maji, kila kitu tayari. Nikaamka saa kumi na moja na nusu, giza bado, nikachukua telefone niangalie saa. Saa tu. Basi mu statusi kila mutu ameshaweka picha ya wazazi, mwenye papa, mwenye mama, mwenye bote babili na maua. Nikasema na miye siwezi kukosa, batasema nilimusahau papa. Nikaanza kutafuta picha. Ile ya koti ya kijivu kulikuwa na mutu anapita nyuma, nikaikata, nikaongeza mwangaza, uso ukakuwa mweupe kama wa mutu mwengine, nikarudisha. Kisha maneno. Maneno peke yake dakika arobaini, naandika nafuta, naandika nafuta, nataka ikuwe nzito lakini isikuwe ndefu. Nikaposti. Kisha nikabaki naangalia nani ameona. Tantine wa Likasi akaweka vikaragosi vya kulia, kaka wa Kinshasa, kule saa iko nyuma na saa moja, naye akaamka akaandika papa alikuwa mutu, nikamujibu, akanijibu, binamu wa Afrika Kusini akauliza alikufa na ugonjwa gani kwani, nikaeleza ugonjwa wote toka hospitali ya kwanza. Nilijibu karibu kila komenti. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshaingia mu dirisha, saa nne kasoro.

Nilifika saa tano. Mama alikuwa amekaa pa jiwe la kaburi ya jirani, viatu vyake vyekundu na udongo. Nyasi imetolewa, imefagiwa, msalaba umepanguswa. Alikodisha jembe kwa batoto ba pale mlangoni, na mugongo wake ule wenye hauinamaki tena vizuri. Hakunigombeza. Alisema tu, niliona picha uliweka ya papa yako, ni muzuri. Kisha akanipa chupa ya maji juu alifikiri niko na kiu ya njia.

Bakubwa, angenitukana ningepona mbio.

Nikapaka chokaa kimya kimya, saa sita tukarudi.

Na sasa najua kuna mwenye atakuja hapa kuniambia huo ni uvivu. Bwana, mu magazini miaka yote hiyo sijawahi kukosa inventeri hata moja, waulize. Tofauti ni kwamba kule kuna mutu ananingoja. Makanika anagonga dirisha, shefu anapita, filta ikichelewa mashine inasimama na jina langu linaitwa. Mu konje nani ananingoja? Manjanja hailie. Kurasa hazigongi dirisha. Papa yangu hawezi kunipigia kuniuliza niko wapi. Mu lupango muzima kitu yenye ilikuwa inagonga ni moja tu, na iko mu mufuko, na inagonga usiku na mchana. Ikakamata kiti ya shefu. Na ni shefu mubaya kupita wa kweli, wa kweli saa kumi na moja jioni anaenda kwake. (Wa kweli naye aliniandika mara mbili mu konje kuniuliza filta iko rayon (rafu) gani, lakini hiyo ni uzi yake, siku yingine.)

Tena haikukuja hivyo kwa bahati, ndiyo yenye inanichemsha damu. Zamani ukifika chini ya ukurasa unakuta namba 2, unabonyeza ndiyo unaendelea. Ile kubonyeza ilikuwa kama mlango, unaweza kusimama pale ujiulize naingia ao naenda kukula bukari (ugali). Mumarekani mumoja, Aza Raskin, akatengeneza mu 2006 ile namna ya kushusha kidole ukurasa hauishi, mlango ukatoka. Mwenyewe alikuja kusema mbele ya batu kwamba anajuta. Anajuta! Na miye nimekaa juu ya ukuta.

Na mambo ya kungoja nani ameona picha, hiyo Skinner alishaionaka kwa njiwa mbele bazazi betu bazaliwe ao nyuma kidogo, alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani, anaweka njiwa mu sanduku, ikidonoa inapata mbegu. Njiwa yenye inapata mbegu leo ndiyo, leo hapana, bila mpango, inadonoa kwa nguvu na haichoki mbio, kupita yenye inapata kila mara. Tarehe 1 asubuhi njiwa ni miye. Kuku za nyuma ya manjanja zina akili kunizidi, zenyewe jioni zinalala.

Halafu muangalie uchungu mwengine. Mu betri yenye inaipa telefone nguvu muna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu Kongo, Kolwezi na pembeni yake. Vipuri vyenye nahesabu vinapandaka kule. Yani mwaka muzima nahesabu bolti ili mashine ichimbe, nikipewa siku 12 ile mawe inanirudilia imevaa kioo kizuri, inanichimba miye.

Na musiniletee ile ya pakua aplikasio ya kuhesabu masaa yako. Nilipakua siku ya tano. Ilinitumia notifikasio kuniambia leo umeangalia telefone sana, nikachukua telefone nisome, saa moja ikapita. Zima data? Nilizima. Lakini memware iko mule, namba ya fundi iko mule, pesa ya kununua misumari iko mule. Unaweza kufunga mlango wa nyumba yenye vitu vyako vyote viko ndani na wewe uko nje?

Kesho saa kumi na moja narudi ku kazi. Jikoni upande mumoja tumefunika na bashi (turubai), Jumapili mama anakuja kukula na hajui bado. Ngazi yenye nilikopa mwenyewe ameshaikamata, na ana haki, iliegemea siku kumi bila mutu kuipanda.

Sasa mwenye eko na ngazi ya mita tatu na kupita, upande wa Katuba ao Kenya, naomba anikodishie Jumamosi mchana kutwa. Lakini usiandike hapa, juu sitafungua, muke wangu ndiye atachunga telefone na nilimwambia asinipe hata nikilia. Pita mwenyewe ugonge, lupango yenye manjanja 14 inaegemea ukuta, kuku nyuma yake.