Naomba ushauri: msiba wa Micheweni, Pemba, na kusi hii

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mjomba wetu kafariki Micheweni, keshazikwa, na hitma, kisomo cha kumwombea, ni keshokutwa. Mama anataka twende, ni kakaake. Ndege nimeuliza, imejaa. Imebaki boti mpaka Mkoani, na upepo huu wa kusi mnaujua, na mama bahari ikichafuka kidogo tu anatapika. Halafu usiku wanawake wanalala mkekani na kipupwe kinapiga. Nimemtilia blanketi kalitoa: "Watasema nimekuja hotelini." Wazee hawa!

Wazoefu, mtu kama huyu akae sehemu gani ya boti, na ale nini kabla? Na ubani, yaani pesa za rambirambi, siku hizi huko apewe nani: mjane, au wanaume wanaosimamia shughuli?