Mpapai umejaa pamba nyeupe, majani meusi. Nifanyeje?

Jembe Jipya:
Wakuu, nina mipapai saba, minne imevamiwa na vitu vyeupe kama pamba, vimejazana kwenye vikonyo vya matunda na mgongoni mwa majani. Majani ya chini yana utando mweusi, ukipitisha kidole unabaki na masizi kama ya sufuria. Nikajua ni ukungu, nimepiga dawa ya ukungu mara tatu, pamba ndiyo kwanza inaongezeka. Leo nimeminya moja kwa kucha, ikatoa maji ya njano. Sisimizi nao wanapanda na kushuka kutwa nzima.

Mzee wa Bustani:
Mkuu, pole. Hao ni vidung'ata, wadudu hao, si ukungu; dawa ya ukungu kwao ni mvua tu. Wanafyonza utomvu, unaowazidi wanautoa nyuma, mtamu na unanata. Ukidondokea majani ya chini ndipo masizi yanapoota. Hayo maji ya njano yananifanya nimshuku yule wa mipapai, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Tia wachache kwenye kichupa cha spiriti. Baada ya siku moja au mbili wakigeuka weusi wenye ubuluu, ni yeye.

Papai Bivu:
Mimi ningeanza na sisimizi. Wanaramba huo utamu, na mdudu yeyote anayekuja kula vidung'ata wanamtimua. Zungushia shina nailoni, paka grisi juu ya nailoni, usipake kwenye gome. Jani linalogusa ukuta kata, la sivyo watapita huko. Kisha maji ya sabuni jioni, upige chini ya jani. Wakubwa wana nta inayowakinga, wanaokufa kirahisi ni vitoto, kwa hiyo rudia kila vinapoanguliwa vingine.

Jembe Jipya:
Grisi tayari. Ila kuna wengine wakubwa, weupe, manyoya marefu, wanakimbia hasa! Nimeshaua kama kumi.

Mzee wa Bustani:
Acha mara moja! Kidung'ata hujikokota. Huyo anayekimbia huenda ni lava, yaani mtoto, wa mbawakawa mdogo wa mviringo, anajifananisha nao huku anawatafuna. Na mimi niliwahi kuwamaliza hivyohivyo.

Jembe Jipya:
Duh, kumi! Waliobaki wawili nimewarudisha juu ya jani kwa kijiti. Kichupa nimekitazama asubuhi hii: weusi, ukikiinua kwenye mwanga unaona buluu.