Je, filamu za viumbe wa angani ni siri za serikali zinazovujishwa makusudi?

Msafiri wa Kigoma ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Tangu enzi zile tulipokuwa tukilipa kiingilio katika vibanda umiza ili kutazama mikanda iliyotiwa sauti ya Kiswahili, nimesikia wakubwa wakisema kwamba Wamarekani hawabuni kitu, bali kila wanachoonyesha tayari wanacho ghalani. Wiki hii mdogo wangu amenieleza, kwa uhakika kabisa, kwamba serikali yao hutoa filamu na tamthilia hizo ili kutuzoesha polepole habari ya viumbe wa sayari nyingine, na ushahidi wake mkubwa ni Area 51, kituo cha kijeshi katika jangwa la Nevada, mahali palipofichwa kwa miongo mingi kabla ya kukubaliwa rasmi. Nilikosa jibu, kwa sababu ni kweli kwamba palifichwa. Kama siri ilikuwepo, kwa nini tusiamini kwamba filamu zilikuwa zikitudokezea?

Fundi Redio amejibu:

Ndugu Msafiri, mdogo wako amepatia kwamba kulikuwa na siri. Alipokosea ni kuhusu kilichofichwa. Julai 1947, karibu na mji wa Roswell, jimbo la New Mexico, jeshi la Marekani lilitangaza kwamba limepata kisahani kinachoruka, kisha likageuza kauli na kusema ni puto la hali ya hewa. Kauli hiyo ya pili nayo haikuwa kweli yote, kwani mwaka 1994 Jeshi la Anga lilieleza kwamba mabaki yale yalitokana na Mogul, mradi wa siri wa kurusha maputo yenye vinasa sauti ili kusikiliza, kutoka juu sana angani, majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Wasovieti.

Area 51 ina habari ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1955 ndege ya ujasusi ya U-2 ilianza kujaribiwa pale. Ndege za abiria za wakati huo ziliruka kati ya futi 10,000 na 20,000, ilhali hii ilipita futi 60,000, na mabawa yake ya rangi ya fedha yaliendelea kumetameta kwa jua wakati huku chini magharibi imeshaingia. Rubani aliyeuona mng'ao ule alitoa taarifa kwa uaminifu, na waliojua asili yake hawakuruhusiwa kumweleza. Nyaraka za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, zilizofunguliwa mwaka 2013, baada ya watafiti kuziomba kisheria, zinaitaja Area 51 kwa jina, na habari zilizomo ni za ndege.

Lipo jambo jingine la kumwuliza mdogo wako. Watengenezaji wa Independence Day, filamu ya mwaka 1996, walipoomba msaada wa jeshi, Wizara ya Ulinzi ilitaka Area 51 isitajwe, na walipokataa ikawanyima msaada huo. Anayetaka kutuzoesha jambo angewezaje kuzuia lisitajwe?

Mama wa Maktaba amejibu:

Naongeza upande wa watazamaji, kwa sababu runinga huingia katika kumbukumbu ya mtu bila yeye kutaka kudanganya. Barney Hill na mkewe Betty, wa New Hampshire, walisema walichukuliwa na viumbe wa angani Septemba 1961. Tarehe 22 Februari 1964, akiwa katika usingizi bandia aliotiwa na daktari, Barney alieleza macho ya ajabu yaliyozunguka hadi pembeni mwa kichwa. Siku 12 tu kabla yake, tamthilia ya The Outer Limits ilikuwa imeonyesha kiumbe mwenye macho ya namna hiyo. Betty alikana kukijua kipindi hicho, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndicho chanzo, lakini kwangu ukaribu wa tarehe hizo una uzito.

Mwaka 1995 kituo cha runinga cha Fox kilionyesha mkanda wa kupasuliwa maiti ya kiumbe aliyedaiwa kupatikana Roswell. Mwaka 2006 mwenye mkanda alikiri kwamba ulitengenezwa upya, mwili wenyewe ukiwa kazi ya mchongaji sanamu.

Mwanahistoria amejibu:

Nakubaliana nanyi kwa sehemu kubwa, ila naomba tusiisafishe serikali ile. Januari 1953 jopo la wanasayansi lililoitishwa na CIA lilipendekeza kwamba runinga na filamu zitumike, tena kwa lengo la kupunguza hamu ya watu kuhusu visahani. Kwa hiyo wazo la kutumia runinga na filamu kuelekeza fikra za watu lilikuwepo, ingawa lilielekea upande mwingine kabisa.

Kinachoniumiza ni siri zilizowadhuru watu halisi. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa uchunguzwe. Katika MKUltra, mradi wa siri wa CIA ulioanza mwaka 1953, watu walipewa dawa ya kulevya ya LSD bila kujua, na mwaka 1973 mkurugenzi wa CIA akaamuru majalada yaharibiwe. Mambo haya yalifichuliwa na waandishi wa magazeti na kamati za Bunge lao, na majina ya baadhi ya waathirika yanajulikana. Sijawahi kusikia kijana akibishana juu yake kibandani.

Msafiri wa Kigoma amejibu:

Nawashukuru sana. Nitaanza kumweleza habari ya U-2, kwa kuwa anapenda ndege. Habari ya Tuskegee sikuwa nimeisikia kabisa, nami nitaitafuta kwanza mwenyewe kabla ya kumsimulia.