Wasifu wa marehemu baba: habari ya 1983 isomwe au iachwe?

Kijana wa Ngara

Wakuu, poleni na majukumu. Tumefiwa na mzee wetu, mazishi ni Jumamosi hapa Ngara, na kazi ya kuandika wasifu nimeangushiwa mimi. Naomba ushauri kwa wenye umri na wenye busara.

Yasiyo na ubishi ni haya. Mwaka 1978 alikuwa mgambo, kijana mdogo, mkoa wetu wa Kagera bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Majeshi ya Amin yalipofika Kyaka na daraja likalipuliwa, akachukuliwa. Akaenda na jeshi hadi Masaka, ndani ya Uganda, akapita Lukaya, akarudi 1979 na kovu begani. Vita hakuisimulia. Ukimuuliza, anakwambia matope yalikuwa mengi na viatu vilimbana, kisha anauliza kama ng'ombe wamepewa maji.

Aliporudi akakabidhiwa duka la ushirika kama meneja. Wengi mjini wanamkumbuka hivyo: mtu wa kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Sukari ikija anaandika majina ya kaya zote, kila kaya robo kilo, na mama yetu anapanga foleni kama wengine (alilalamikia hilo hadi uzeeni).

Sasa ubishi. Mwaka 1983, ule msako wa wahujumu uchumi, stoo ilikutwa na marobota ya khanga ambayo hayakuwa kwenye daftari la mapokezi. Akawekwa ndani wiki kadhaa. Baadaye hati ikapatikana kwa dereva wa lori, akaachiwa, akarudi kazini. Baba mdogo anasema lisisomwe, tutakuwa tunamvua nguo marehemu mbele za watu. Shangazi anasema tusipolisoma sisi, watalisoma waombolezaji chini ya turubai, tena kwa chumvi.

Mngefanyaje?

Mzee wa Kahawa

Poleni sana kwa msiba. Lolote utakaloandika lisizidi kurasa mbili. Msiba wa juzi huku kwetu wasifu ulisomwa mpaka jua likawahamisha watu kwenye viti, padri akabaki anaangalia saa.

Bibi Karani

Pole mwanangu. Nilikuwa karani wa duka la ushirika miaka hiyohiyo, wilaya nyingine, kwa hiyo hili nalijua kwa ndani.

Vijana mnadhani umeneja wa duka ulikuwa ulaji. Bidhaa zilikuja kwa mgao: sabuni, khanga, betri, mafuta ya taa, chochote walichoamua mkoani. Bei ilipangwa na Tume ya Bei. Doti moja ya khanga ukiitoa dirishani kwa bei ya serikali, mlanguzi anaiuza mara kadhaa ya hapo kabla hujafunga duka. Kwa hiyo wananchi wanaamini unaficha, wakubwa wanakuletea vimemo, "mpatie mwenye barua hii doti mbili", na ukikataa kimemo umejitafutia adui. Mzigo ukifika usiku na hati iko nyuma, unafanyaje? Unaushusha, maana lori haliwezi kulala limebeba. Hapo tayari una khanga zisizo na karatasi. Wengine wetu tulinusurika kwa sababu tu wakaguzi walianzia kwa jirani.

Na sheria ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Hakuna dhamana, hakuna wakili, kesi inasikilizwa na baraza maalumu. Watu walikuwa wanatupa mizigo mitoni na vichakani usiku, hata waliokuwa na risiti, kwa woga mtupu. Mtu aliyewekwa ndani wakati ule, akatoka, kisha akarudishiwa funguo za duka lilelile, huyo amekaguliwa kuliko meneja yeyote. Mimi ningeandika sentensi tatu: alikutwa na nini, karatasi ilikuwa wapi, alirudi kazini. Usitetee. Ukianza kutetea watu watahisi kuna kitu.

Mstaafu 79

Nakubaliana na dada hapo juu. Mimi niongeze la vita, maana hapo umepita haraka.

Mwanangu, baba yako alikusimulia, hukumsikia. Lukaya barabara inapita katikati ya kinamasi, mafunjo kulia na kushoto. Ilikuwa Machi 1979, tulikutana na jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya. Ukitoka barabarani unazama, ukibaki barabarani unaonekana. Aliyekwambia matope na viatu amekwambia Lukaya yote. Kwa hiyo usiandike "alishiriki kuikomboa Kampala" kama wasifu zote zinavyoandika. Waliokwenda na Jenerali Mayunga njia ya Mbarara, huko magharibi mbali na Kampala, nao wanaandikiwa Kampala! Andika Lukaya. Kama kuna mzee mwenzake atakayekuwepo, ataelewa.

Rusumo Njia Panda

Mbona hujaandika 1994? Nilikuwa mwanafunzi Ngara. Mwisho wa Aprili wakimbizi Wanyarwanda walivuka mpaka pale Rusumo, kama robo milioni ndani ya siku moja hivi, wakakaa kambi ya Benaco. Wakati huo wenye nyumba mjini walikuwa wanapandisha kodi kwa wageni wa mashirika. Mzee wako alikuwa Benaco anapanga foleni za chakula, halipwi hata nauli. Alitukusanya vijana tukachimbe vyoo, na aliyetoroka alifuatwa hadi kwao. Mimi nilifuatwa. Kalamu ya bluu ni aliyepokea, nyekundu ni aliyerudi mara ya pili. Ila mara mbili nilimwona mtu amerudi na mtoto mgongoni, naye akaiacha nyekundu mfukoni.

Kijana wa Ngara

Asanteni sana wazee wangu. Bibi Karani, maneno yako nimeyasoma kwa sauti kwenye kikao cha familia. Baba mdogo amenyamaza muda mrefu, kisha amekubali 1983 iingie kwa sharti kwamba kipande hicho asome yeye mwenyewe. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anampelekea chakula kule ndani, hatukuwahi kujua. Lukaya imeingia, Kampala nimeifuta. Ya Benaco nimeongeza, ya choo pia.

Nimebakiwa na ombi moja. Kama kuna mwenye picha ya lile duka kabla halijageuzwa stoo ya saruji, naomba anitumie kabla ya Ijumaa jioni, nataka kuiweka nyuma ya ratiba.